MASHINE YA PRESHA: TUULIZWE KABLA YA KUNUNULIWA



Mara nyingi muuguzi huletewa chombo kilichokwisha kununuliwa, akaambiwa, "Hiki ndicho, kakitumie." Safari hii twasema mapema. Wauguzi wanaozunguka majumbani kwa wagonjwa wataka kuulizwa juu ya mashine ya kupimia presha, na waulizwe kabla ya tenda kufungwa.

Hospitalini mashine ikitiliwa shaka huletwa nyingine. Nyumbani kwa mgonjwa muuguzi ni mmoja na mashine ni moja. Ikisema 150 kwa mtu mwenye 130, huenda akaanzishiwa vidonge asivyovihitaji. Ikisema 130 kwa mtu mwenye 150, huenda akaachwa hivyo hivyo mpaka apooze. Na lawama haimwendei aliyenunua. Humwendea aliyeandika daftarini.

Tangu Septemba 2023, Serikali ilipowatuma wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 na mikoba yenye mashine hizo, presha hupimwa hata mlangoni pa mtu. Jambo hilo ni jema. Lakini mhamasishaji akikuta presha ya juu, anayefuata ni muuguzi, naye hawezi kuhakikisha kazi ya mwenziwe kwa chombo kibovu zaidi.

Sasa tuvitazame vyombo vyenyewe. Cha zebaki kimekwisha: Mkataba wa Minamata uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kuvitengeneza na kuviingiza nchini, kwa kuwa zebaki ni sumu. Cha mshale bado chapendwa na wazee wa kazi, maana hakitaki betri. Lakini kikianguka mara moja kutoka kwenye pikipiki chaweza kudanganya, na mshale ukarudi kwenye sifuri kama kwamba hakuna kitu. Yafaa kilinganishwe na kipimo cha kuaminika kila baada ya miezi 6. Mwajiri anayetaka kuwanunulia hicho na aseme kwanza fundi yuko wapi.

Kwa hiyo mashine ya betri inayojipimia yenyewe ndiyo ifaayo zaidi kwa safari zetu. Iwe ya kufungwa mkononi juu ya kiwiko. Ya kifundo cha mkono ni nyepesi na bei yake huvutia, lakini mgonjwa akiushusha mkono kidogo tu chini ya usawa wa moyo, hesabu hupanda. Tena iwe imejaribiwa kwa watu, wasiopungua 85, kwa kanuni ya kimataifa iitwayo ISO 81060-2. Neno la mwenye duka halitoshi. Ulizeni jina na namba ya mashine yenyewe, kwani kampuni moja yaweza kuwa na mashine iliyojaribiwa na nyingine ambayo haikujaribiwa. Na ikiwa mnawazungukia akina mama waja wazito, ulizeni kama ilijaribiwa kwao pia, maana jaribio lao ni mbali.

Jambo linalosahauliwa kuliko yote ni kitambaa cha kufunga mkono. Mashine nyingi huja na kimoja, cha kadiri. Utafiti wa Baltimore, Marekani, uliotolewa mwaka 2023, ulionyesha kwamba watu wenye mikono minene sana wakifungwa kitambaa cha kadiri, hesabu ya juu huzidi ukweli kwa karibu 20. Mashine njema yenye kitambaa kimoja ni nusu ya mashine. Tudai vitambaa vya ukubwa mbalimbali, pamoja na utepe wa kupimia mkono, bei yake ni ndogo.

Kituoni pabaki chombo kimoja cha kusikiliza kwa sikio, kilichokaguliwa, kwa wagonjwa ambao mapigo ya moyo wao yaruka-ruka. Hao mashine ya betri huwakosea mara nyingi. Na betri zenyewe? Twasikia wapo wenzetu wanaozinunua kwa nauli yao. Mwajiri ndiye anunue.

Tena pasiwe na kukatwa mshahara kwa sababu mashine imelowa mvua njiani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanya kazi amefanya kosa la makusudi. Mvua si makusudi ya mtu.

Penye wafanya kazi 20 au zaidi, sheria ya usalama kazini ya mwaka huo huo yataka pawe na kamati ya usalama. Wakilishi wetu waliomo na walipeleke jambo la chombo kibovu huko. Na kila tawi lituandikie: mna mashine ngapi, za namna gani, vitambaa vingapi, na mara ya mwisho zilikaguliwa lini. Mahali pasipokaguliwa kamwe, andikeni hivyo hivyo. Karatasi hizo ndizo tutakazoziweka mezani mbele ya waajiri.

Mhariri