Mradi wa mwaka wa mwisho usiishie chini ya benchi

Ukipita barabara ya Luthuli jijini Nairobi wakati mwaka wa masomo unaelekea ukingoni, utawajua tu. Begi mgongoni, simu mkononi ikiwa na orodha ya vifaa, wanatoka duka hili wakiingia lile kuulizia bei ya relei, betri, vihisi vya unyevu na bodi za Arduino. Ni makomredi wa uhandisi wa umeme na elektroniki, wale wa mwaka wa tano kutoka vyuo vikuu na wenzao wa diploma kutoka vyuo vya kiufundi. Wana mradi wa kuwasilisha na siku zimewaishia.

Vijana hawa tunawavulia kofia. Kuna anayekula chapo madondo mara moja kwa siku ili abakishe za kununua moduli, na pesa za HELB zikichelewa anakopa kwa rumeti. Halafu anakesha. Mwisho wa yote anasimama mbele ya wahadhiri na kitu kinachofanya kazi: mtambo unaomwagilia miche maji wenyewe udongo ukikauka, mashine ya kuangulia vifaranga inayojipima joto, kifaa kinachokutumia SMS gesi ikivuja jikoni. Wenzao wa diploma huenda na roboti zao kwenye maonyesho ya vyuo vya kiufundi, kuanzia ngazi ya kanda hadi ya taifa, na wengine hurudi na vikombe. Hakuna aliyewapa hayo bure.

Lakini hebu tuulize swali ambalo halipendwi. Ule mradi wa mwaka jana uko wapi?

Ingia katika maabara ya idara yoyote uulize. Utaonyeshwa kabati, au sanduku chini ya benchi. Kioo cha maandishi kimeng'olewa kikatumika kwingine, moduli imechukuliwa na mtu asiyejulikana, waya zimebaki zikining'inia kama tambi. Ripoti yake iko maktabani, imejalidiwa vizuri, na pengine haijafunguliwa tangu ipewe alama. Mwenye mradi alishahitimu, anatafuta kazi. Na hapo nje kuna kijana mwingine anayeulizia bei ya kihisi kile kile kwa ajili ya mradi ule ule.

Mfano mmoja tu, na yeyote aliyepitia kozi hii atacheka. Kuna moduli ndogo ya GSM iitwayo SIM800L, ndiyo inayotumiwa sana kwa miradi ya kutuma SMS kwa sababu ni ya bei nafuu. Moduli hii inataka volti kati ya 3.4 na 4.4, na inapowasiliana na mnara wa simu huvuta umeme kwa mikupuo inayoweza kufika ampea 2. Ukiiunganisha moja kwa moja na tundu la volti 5 la Arduino, umeipa volti nyingi kuliko inavyotaka na ampea chache kuliko inavyohitaji. Ikikuonea huruma isiungue, itawaka, itaanza kutafuta mtandao, kisha izime na kuanza upya. Mwanafunzi anadhani programu aliyoandika ndiyo mbovu. Anaipangua, anaipanga, wiki mbili zinapita. Anarudi Luthuli kununua moduli nyingine. Kumbe ilihitaji tu chanzo chake cha umeme na kapasita kubwa kando yake.

Somo hilo hugharimu wiki mbili na mia kadhaa za shilingi. Mwaka unaofuata, darasa jingine linalilipia tena. Na wa baada yao pia. Kwa nini? Kwa sababu halimo katika ripoti. Ripoti huandikwa ili kuwaridhisha wakaguzi, na ndani yake kila kitu kilifanya kazi siku ya kwanza. Nani atapewa alama kwa kuandika kwamba alichoma moduli mbili?

Sasa fikiria ingekuwa vingine. Tuchukue mradi wa umwagiliaji, ambao sio siri umerudiwa hadi umechosha. Darasa la kwanza linautengeneza, unafanya kazi juu ya meza ukiwa na kikombe cha udongo. Sawa, wapewe alama zao. Darasa la pili lisianze na kikombe. Lipewe mtambo huo huo liupeleke kwenye kitaluchuma kwa miezi miwili. Huko litagundua jambo ambalo meza haiwezi kulionyesha: kile kihisi cha bei rahisi chenye miguu miwili ya chuma huliwa kikikaa ardhini huku umeme ukipita, na vipimo vyake huanza kudanganya. Litabadilisha, liweke kihisi kisichogusanisha chuma na udongo. Darasa la tatu litashughulikia betri na sola, na sanduku lisiloingiza maji ya mvua. La nne litamtafuta mkulima na kumuuliza kama angelipia kitu hicho, na kiasi gani. Baada ya miaka minne hapo kuna bidhaa. Kwa mtindo wa sasa, baada ya miaka minne kuna vikombe vinne vya udongo.

Na hili linawezekana, kwa sababu linafanyika hapa hapa Kenya. Kule Juja, wanafunzi wa JKUAT wana Mradi wa Nakuja, wanaounda roketi ndogo. Roketi zao wanazipa namba, N-1, N-2 na kuendelea, na namba hizo peke yake zinakueleza kila kitu. Kuna wanaoshughulikia mwili wa roketi, wanaoshughulikia injini, wanaoshughulikia parachuti, na wale wa elektroniki wanaounda kompyuta ya kuongoza safari. Wanaohitimu huondoka, wanaobaki huanzia pale wenzao walipofikia. Mengi wanayojifunza huyaandika mtandaoni, wazi, yeyote asome.

Kabla yao, Chuo Kikuu cha Nairobi kilishaonyesha kinachowezekana. Mnamo Mei 11, 2018, setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, iliachiliwa kutoka kituo cha anga za juu cha kimataifa. Ni mchemraba wa sentimita 10 kila upande, uliotokana na ushirikiano wa chuo hicho na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, kupitia mpango wa Umoja wa Mataifa na shirika la anga la Japani. Zile herufi PF mwishoni zina maana ya safari ya kutangulia. Yaani tangu siku ya kuipa jina, waliohusika walijua kwamba kazi ya kitu cha kwanza ni kumfungulia njia wa pili.

Tunajua yatakayosemwa. Wahadhiri watasema kwamba ukiruhusu mwanafunzi aendeleze kazi ya mwenzake, umefungua mlango wa kunakili. Ni hofu ya haki, lakini tuseme ukweli: kunakili kunaendelea sasa hivi, tena gizani. Kuna watu mjini wanaojulikana kwa kuuza miradi iliyokamilika, unalipa, unabeba, unawasilisha. Mwanafunzi aliyekabidhiwa kazi ya mwaka jana hadharani ana swali moja tu la kujibu mbele ya wakaguzi, nalo ni gumu kuliko yote: wewe umeongeza nini?

Wanafunzi nao wana hofu yao. Ati nikionyesha, nitaibiwa. Tunaielewa, maana hadithi za kuibiwa wazo zimejaa kila hosteli. Ila kuficha kitu chini ya kitanda hakujawahi kumpa mtu hataza. Taasisi ya kusajili ubunifu, KIPI, ipo, na sheria ya 2001 inatoa hataza ya miaka 20, pamoja na cheti chepesi zaidi cha miaka 10 kwa maboresho madogo ya vifaa, ambayo kwa kweli ndiyo miradi mingi ya wanafunzi. Sheria hiyo hiyo inakupa miezi 12 ya kutuma ombi tangu ulipoonyesha kitu chako kwa umma. Uliza pia sera ya chuo chako inasema kazi hiyo ni ya nani, na uulize kabla ya kutia saini chochote. Halafu kuwa mkweli na nafsi yako. Kama mradi wako ni kengele ya mlango inayotuma SMS, hakuna anayekuvizia.

Sisi wanahabari pia tusijitoe. Kila mara tunapiga picha ya kijana ameshika kitu chenye waya, tunaandika kichwa kikubwa, "Mwanafunzi avumbua," watu wanasambaza, gavana anaahidi kumsaidia, na stori inaishia hapo. Ni mara ngapi tumerudi baada ya mwaka mmoja kuuliza kifaa kile kilifika wapi? Tumesifu kuanza hadi vijana wameamini kwamba kuanza ndiyo kazi yote.

Idara hazihitaji bajeti mpya kwa hili. Zinahitaji kabati lenye kufuli na mtu mmoja mwenye ufunguo, sharti kwamba mradi urudishwe ukiwa mzima pamoja na programu na mchoro wa sakiti, na ukurasa mmoja wa ziada kwenye ripoti, wenye alama zake, unaoeleza kilichoungua na kwa nini. Kama alama 10 zinaweza kutengwa kwa unadhifu wa ripoti, hata huo ukurasa unaweza kupata zake. Na mwanafunzi atakayechagua kuendeleza mradi wa zamani asichukuliwe kama mvivu aliyekosa wazo.

Nawe uliye mwaka wa tatu au wa nne, usingoje barua ya mkuu wa idara. Mara nyingi chumba cha mawasilisho huwa na wenye mradi, wahadhiri na viti vitupu. Omba ruhusa uketi nyuma muhula huu. Beba daftari. Wakishamaliza, mfuate yule aliyetoka jasho zaidi, mnunulie soda, umuulize ni wapi mradi wake ulimsumbua, na kama ile programu bado anayo kwa laptopu kabla hajaifuta.