Majani Mabichi kwa Sungura Wetu



Mtoto mmoja wa jamaa yetu alipewa sungura mweupe siku ya kufunga shule. Alimpenda mno. Asubuhi moja, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, alikata kabichi na matembele, mzigo wa kujaza mikono miwili, akazirundika ndani ya kizimba zikitiririka maji, akaenda kucheza. Jioni tulimkuta mnyama amejikunyata pembeni, tumbo limekaza kama ngoma, akisaga meno kwa maumivu. Hakuona mapambazuko. Mtoto akalia akisema: «Nilimfanyia karamu!»

Basi wengi husema kwamba umande ndio uuao sungura. Sisi twaona kosa kubwa lilikuwa wingi wa ghafula. Sungura wa kufugwa si wa ukoo mmoja na sungura wa mbuga zetu. Wazee wake walitoka Hispania na Ureno, wakazoea nyasi kavu na ngumu. Hata leo chakula chake cha kila siku ni nyasi zilizoanikwa vema, pamoja na maji safi. Nyasi hizo humpunguza meno, maana hayakomi kuota, tena husukuma chakula tumboni. Ndani ya utumbo wake mna mfuko mkubwa wenye vijidudu vyema vinavyoyavunjavunja majani. Vijidudu hivyo huzoea chakula polepole. Akiletewa kitu kigeni kwa wingi, chakula huchacha na hewa hujaa. Naye sungura hawezi kutapika kama mbwa: kilichoingia hakirudi.

Kwa hiyo majani mabichi ni kitoweo cha furaha, nayo hutengenezwa kwa uangalifu. Tuyakate mahali safi, si kando ya barabara wapitapo mbwa na magari, wala si katika shamba lililonyunyiziwa dawa ya wadudu. Tuchambue, tukitupa yaliyooza au kuwa manjano. Tuyaoshe, tuyakung'ute, kisha tuyatandaze juu ya ungo kivulini mpaka maji yakauke. Tusiyarundike hata saa chache: majani yaliyolundikana hupata joto ndani na kuanza kuharibika, nayo macho yetu hayaoni. Yakiisha kunyauka na kunuka, yaende shimo la mbolea.

Jani jipya litolewe peke yake, kipande kisichozidi kiganja cha mtoto. Kesho yake tutazame mavi: yakiwa mviringo na makavu, twaweza kuongeza, yakiwa laini, turudi kwenye nyasi kavu tu. Wadogo walioachishwa maziwa juzi wangoje mpaka wafikie karibu miezi 3.

Ni majani gani? Mnanaa, mrehani na giligilani huwapendeza sana kwa harufu yake. Majani ya karoti ni mazuri, na matembele pia, hata lile jani la shambani ambalo mbegu zake hunata katika nguo zetu. Lengalenga tuwape mara moja moja, kabichi kidogo sana. Karoti yenyewe ina sukari nyingi. Kipande chembamba chatosha, ijapokuwa picha za vitabu vya watoto zimetufundisha vingine.

Majani ya nyanya, ya viazi vya Ulaya na ya avoka yasiingie kizimbani kabisa, wala vitunguu. Na sombe? Sombe mbichi ina sumu ileile ambayo mama zetu huiondoa kwa kutwanga na kupika muda mrefu. Wafugaji wengine huinyausha juani kwanza, lakini sisi hatuthubutu.

Sungura akikataa kula nusu siku nzima, tusingoje kesho. Tumtafute mganga wa nyama upesi, maana tumbo lake likisimama, saa zake ni chache.

Mtoto yule amepata sungura mwingine, wa kijivu. Kwa majuma mengi alimpa nyasi kavu tu. Juzi alimnyoshea jani moja la mnanaa, lililooshwa na kukaushwa. Sungura alilinusa, akalivuta vidoleni mwake, akalitafuna lote, kisha akarudi kutafuta jingine. Hakupewa mpaka kesho yake.