Nyumba na Malezi: Mtoto Hajapandishwa Kilimani

Mtaa wa Ngagara, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, ulipangwa na kujengwa kabla ya uhuru wa 1962, na wazee wengi wangali wanauita OCAF, kwa herufi za ofisi ya kikoloni iliyoujenga. Atazamaye ramani ya mtaa huo huona mistari iliyonyooka na miraba iliyojipanga kama askari wa gwaride. Akaaye humo huona zaidi ya hayo: huona kuta na mapaa, kivuli cha mwembe uani, na mlango wa jirani usioonekana mpaka mtu azunguke nyuma ya nyumba. Ramani haikusema uongo. Imenyamaza tu juu ya kimo na juu ya upande wa nyuma, na msomaji wake hana budi kujaza mwenyewe kile ambacho karatasi haikuweza kukibeba.

Kazi hiyo ya kujaza ndiyo inayowashinda watoto wengi wafikapo kwenye jometri ya maumbo yenye kimo. Ichukuliwe mfano wa nyumba moja ya askari. Binti yu mwaka wa nane wa shule ya msingi, ile ya miaka tisa ambayo mwisho wake ni mtihani wa taifa. Daftarini mwake umechorwa mchemraba, na baadhi ya kingo zake zimechorwa kwa nukta kwa kuwa ziko nyuma. Swali lauliza: ukikatwa kwa bapa lipitalo katikati ya kingo sita, uso wa mkato utakuwa na sura gani? Binti anatazama mpaka macho yanamuuma. Haoni mchemraba, anaona miraba miwili iliyopandana. Kaka yake anacheka. Baba, aliyerudi nyumbani kwa likizo, anasema kwa upole, "Mwanangu, labda hesabu si fungu lako."

Maneno ni ya upole, lakini hukumu yake ni nzito. Mtoto aambiwaye hivyo na baba yake hulifunga daftari, na mara nyingi halifungui tena kwa moyo mmoja.

Mama aliyekuwa akichambua maharage akainua uso. "Baba watoto, wewe ulifunzwa kusoma ramani jeshini. Siku ya kwanza, uliuona mlima katika ile mistari?"

Baba akafikiri. "Sikuuona, mama watoto. Niliona nyuzi zilizotatanika. Sajini alitupandisha kilimani, ramani mkononi. Tulipofika palipo na mwinuko mkali ndipo nikaelewa kwa nini mistari pale imesongamana."

"Basi huyu naye hajapandishwa kilimani."

Kauli hiyo ndiyo kiini cha jambo. Mtoto huyo hakupungukiwa na akili. Hajapata nafasi ya kukizunguka kitu anachoulizwa, na siku hizi nafasi hiyo inaweza kupatikana hata ndani ya simu ya mkononi.

Programu iitwayo GeoGebra ilianzishwa na Markus Hohenwarter mwanzoni mwa karne hii, alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Salzburg, nchini Austria. Kwa miaka mingi ilishughulika hasa na mambo ya bapa: nukta, mistari, duara na pembetatu. Mwaka 2014 lilitoka toleo la 5, nalo likaleta maumbo yenye kimo: mchemraba, piramidi, pia, silinda na tufe. Baadaye yakafuata matoleo ya simu. Mwanafunzi na mwalimu huitumia bila malipo, na ina lugha nyingi, Kifaransa cha shuleni kikiwamo. Ikishapakuliwa kwenye simu, huendelea kufanya kazi hata pasipokuwa na mtandao.

Mtoto hugusa nukta mbili, na mchemraba husimama. Akiuburuta kwa kidole, wote huzunguka. Ukingo uliokuwa nyuma huja mbele, na uso uliokuwa juu hugeuka kuwa sakafu. Kuna chombo cha kupitisha bapa katika nukta tatu na kuonyesha mahali linapoukata mchemraba. Kuna kingine kinachoukunjua ukalala chini kama boksi la karatasi lililofunguliwa. Hapo mtoto anaweza kujiuliza: mchemraba hukunjuka kwa namna ngapi tofauti? Jibu ni 11, na kuzitafuta zote ni kazi njema ya jioni. Kwenye simu zenye uwezo huo, umbo huonekana kupitia kamera kana kwamba limewekwa juu ya meza, na mtoto hulizunguka kwa miguu yake mwenyewe. Simu nyingi za bei nafuu haziwezi hilo, wala si hasara kubwa, maana kidole chatosha.

Faida nyingine humhusu mzazi ambaye hakusoma Kifaransa. Mama asiyejua majina ya kitabuni ya ncha, ukingo na uso hushindwa kumsaidia mwanawe maneno yanapokuwa kizuizi. Umbo linapozunguka, wote wawili hutazama kitu kimoja, na mama anaweza kuuliza kwa Kiswahili au Kirundi: "Hii ncha imekwenda wapi? Kingo zipo ngapi?" Wakihesabu pamoja watapata ncha 8, kingo 12 na nyuso 6. Wachukue 8, watoe 12, wajumlishe 6. Jibu ni 2. Wafanye vivyo hivyo kwa piramidi yenye kitako cha mraba: 5, watoe 8, wajumlishe 5, jibu ni 2 tena. Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, aliliandika jambo hilo mwaka 1750, na lingali linamshangaza kila anayelikuta mara ya kwanza.

Hata hivyo, simu isiachiwe kazi yote. Chombo kinachotoa jibu kwa mguso mmoja kinaweza kumzoeza mtoto uvivu, na katika chumba cha mtihani ataingia na kalamu na karatasi tu. Utaratibu mwema ni huu: kwanza akisie, pili achore, tatu ageuze umbo kwenye simu, nne afunge simu na kuchora tena. Kuchora huko kwa mara ya pili ndiko kunakoonyesha kama ameona kweli.

Nyumba isiyo na simu ya namna hiyo nayo haikutengwa. Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji aliyefariki mwaka 2014, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha kwamba jometri imo katika mikono ya wasusi wa vikapu vya Afrika. Ngoma, kapu lenye kifuniko cha pia na tofali vyote ni maumbo ya kitabuni, navyo hugeuzwa kwa mkono.

Swali la binti yule hujibiwa kwa kipande cha sabuni ya kufulia. Kikatwe kiwe mchemraba. Ichaguliwe ncha moja, pamoja na ile iliyo mbali nayo kuliko zote. Katika kingo 12, kingo 6 hazigusi ncha hizo mbili. Itiwe alama katikati ya kila mmoja wa hizo 6, kisha sabuni ikatwe kwa uzi mwembamba kupitia alama zote.

Katika nyumba ile baba mwenyewe ndiye aliyeshika uzi. Vipande viwili vilipoachana, uso wa mkato ulikuwa na pande sita zilizo sawa, kama tundu la sega la nyuki. Binti alikitwaa kipande kimoja, akakigeuza mara mbili tatu, akalifungua daftari na kuanza kuchora. Baba hakusema tena habari ya fungu. Vipande vya sabuni vikarudishwa kwenye beseni, kwani nguo za kesho zilikuwa zikingoja.