Tope la Sebeya linapofika Kivu

Kila masika mto Sebeya unapofura, sisi wa Nyundo huzungumzia nyumba, mashamba na barabara. Ni haki yetu. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023 mto huu ulivunja kingo zake, na mafuriko na maporomoko ya siku hiyo yaliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Mbele ya misiba hiyo, kumtaja samaki kunaweza kuonekana utovu wa adabu. Lakini tope lile haliishii Mahoko. Linateremka mpaka ziwa Kivu, na huko linaleta tatizo ambalo sijalisikia likijadiliwa.

Kivu lina kina cha mita 485, lakini hewa ya kumtosha samaki ipo kwenye mita 60 hivi za juu tu. Chini ya hapo maji hayana hewa, yana gesi zilizoyeyuka ndani yake. Kwa hiyo samaki wote wanabanana juu, na wengi wa hawa ninaowatetea wanaishi kando kando, hapo hapo mito inapomwaga uchafu wake.

Nawasema wale wadogo wa ukoo wa tilapia, ambao wenzetu wa ziwa Victoria huwaita furu. Wataalamu wametambua aina zipatazo 15 ambazo ni za Kivu. Sokoni wote ni "samaki wadogo", basi.

Ukitaka kuutambua ukoo huu, mtazame pua: ana tundu moja kila upande, wakati samaki wengi wana mawili. Mstari wa ubavuni nao umekatika vipande viwili. Mpaka hapo tilapia naye yumo. Furu dume hujulikana kwa madoa ya manjano au ya machungwa kwenye pezi la chini, karibu na mkia, yanayofanana kabisa na mayai. Jike akishataga huyazoa mayai yake mdomoni, kisha huyadonoa na yale madoa ya dume. Hapo ndipo anapopata mbegu, na mayai yanarutubishwa mdomoni mwake. Humo humo huyalea mpaka watoto waweze kuogelea. Malezi ya namna hiyo yanatushinda hata sisi wenye mikono.

Kuwatofautisha aina kwa aina ni kazi ya kuhesabu meno na kupima vichwa. Jike hana haja ya vipimo. Yeye humchagua dume wa aina yake kwa rangi, na rangi haionekani kwenye maji ya tope.

Sikubuni hofu hii. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba katika ziwa Victoria, pale maji yalipofifisha mwanga, furu walipoteza rangi zao na aina zao zikapungua, kwa sababu majike hawakuweza tena kutenganisha madume. Kule tumezoea kumlaumu sangara peke yake, na kweli alikula wengi. Lakini hawa wengine hawakuliwa na mtu. Walichanganyika wakaisha.

Najua nitaambiwa kwamba kinacholeta fedha Kivu ni sambaza. Sawa, ila huyo aliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, na furu alikuwapo kabla yake.

Kwa hiyo, matuta na mianzi inayopandwa kwenye vilima vya Sebeya isihesabiwe faida kwa mashamba na nyumba pekee. Maji ya mlangoni mwa mto yapimwe wakati wa masika na wakati wa kiangazi, na mialoni karani aandike furu kwa aina, si kwa kilo tu. Kwa kuwa karani hana picha za kulinganishia, Nyundo tuna shule ya sanaa ya siku nyingi. Vijana wake wapelekwe ufukweni alfajiri na penseli za rangi. Wawahi, maana furu akishakufa rangi zake hazikawii kufifia.