Herufi Nene na Herufi Nyembamba

Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi habari za herufi za chapa. Kila nyumba isomayo huzitazama kila siku, wala si wengi waulizao jinsi zilivyofanyizwa.

Na tuanze Kua, katika kisiwa cha Juani, huko Mafia. Mji ule ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava wa Madagaska waliushambulia, watu wakauacha, na hata leo kuta zake zasimama katikati ya miti. Zama zile watu wa pwani waliojua kuandika walitumia herufi za Kiarabu na kalamu ya mwanzi iliyokatwa mshazari: mkono ukigeuka, mstari huwa mnene au mwembamba, na humo ndimo uzuri wa mwandiko.

Karibu na miaka hiyo, huko Italia, alikuwako mpiga chapa Giambattista Bodoni, aliyezaliwa mwaka 1740. Ujanani alifanya kazi Roma katika kiwanda cha chapa cha Propaganda Fide, kilichopiga vitabu vya misioni kwa lugha nyingi, hata za mashariki. Toka mwaka 1768 alisimamia kiwanda cha mtawala wa Parma. Alichonga herufi za Kirumi zenye nguzo nene na mistari myembamba kama unywele, na miguuni akatia kijistari kilichonyooka. Alifariki mwaka 1813, na mwaka 1818 mjane wake akatoa kitabu kikubwa cha herufi zake.

Herufi hizi zina heshima yake. Katika jalada la kitabu, kadi ya harusi au jina la gazeti, zikiwa kubwa na kuzungukwa na nafasi nyeupe, zapendeza mno.

Lakini zikipigwa ndogo, kwa wino hafifu, au zikitolewa nakala ya nakala, ule unywele hupotea. Hapo *e* hufanana na *c*. *U* na *n* zote hubaki nguzo mbili tu, na Kiswahili chetu kimejaa herufi hizo. Jiwe la Kua nalo lina funzo hilo: matumbawe yana matundu, na mstari mwembamba mno ukichongwa humo haudumu.

Basi, enyi walimu na wazazi, mtoto akikwama katika kusoma, tusimwite mzito kabla hatujautazama ukurasa wenyewe. Mzee naye akisema, “Nisomee wewe, mwanangu,” huenda anaona haya kusema haoni. Herufi za Bodoni tuziweke katika kichwa cha habari; somo tuliandike kwa herufi ambazo unene wake haupishani sana. Na kabla ya kutoa nakala nyingi, tubandike moja ukutani jioni, tukae benchi la nyuma, tumwite mdogo kuliko wote na mzee kuliko wote. Wakisoma wote wawili, herufi hiyo yafaa.