Pedi, kipanya na uongo wa "mchezaji wa kweli"

Wadau, leo sina siasa. Mwenye hamu ya siasa arudi wiki ijayo. Leo naandika kwa sababu nimekosea, tena nimekosea gazetini, mahali ambapo kosa lako kesho yake linafungiwa maandazi na mtaa mzima unalisoma.

Iko hivi. Mwezi uliopita nilitumwa kwenye mashindano ya gemu za bunduki hapa Dar. Ukumbi una kiyoyozi, kompyuta zimepangwa mstari, vijana wamevaa hedifoni kubwa kama marubani. Sharti la kwanza kwenye fomu: kibodi na kipanya tu, pedi marufuku. Nikamuuliza mmoja wa waandaaji sababu. Akacheka, akasema pedi ni za watoto, haya ni mashindano ya wachezaji wa kweli. Mimi nikarudi ofisini nikaandika aya nne, na kwenye aya ya kwanza nikaweka "wachezaji wa kweli" bila hata alama za kunukuu. Maneno yakawa yangu.

Siku ya pili dogo mmoja wa mtaani kwetu, Mbagala, akanikuta kwa muuza chipsi. Huyu anashinda kwenye banda la PS, na kwenye gemu za bunduki pale bandani hana mpinzani. Kumbe alichanga nauli na kiingilio, akapanda daladala mbili, akafika, akarudishwa mlangoni na pedi yake mkononi. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Braza, kwa hiyo sisi tunachezaga uongo?"

Sikuwa na jibu. Sasa ninalo, na halitawafurahisha watu wa kipanya wala watu wa pedi.

Nianze na hao wa kipanya (cha kompyuta, siyo Hiace), kwa sababu na mimi ni wao. Nilijifunza Counter-Strike Mabibo Hosteli, laptopu sita zimeunganishwa kwa waya, feni moja, na jirani anayegonga ukuta saa nane za usiku. Pale tuliamini kwamba kipanya ndicho chombo halali na pedi ni kama kuogelea umevaa boya. Tulisema hivyo kama watu waliosoma historia. Hatukuisoma.

Doom ilipotoka mwaka 1993, wengi waliicheza kwa kibodi peke yake. Hakukuwa na kutazama juu wala chini, vishale vilitosha. Quake ilikuja mwaka 1996 na dunia yake ya pande zote, lakini hata hapo kutazama kwa kipanya hakukuwa kumewashwa. Ilibidi uiwashe mwenyewe kwa kuandika amri. Mtindo wa vidole kukaa kwenye W, A, S na D ulienea sana kupitia kijana wa Marekani, Dennis Fong, anayejulikana kama Thresh, ambaye mwaka 1997 alishinda mashindano ya Quake akaondoka na gari aina ya Ferrari lililokuwa la John Carmack, mmoja wa waliotengeneza gemu hiyo. Watu waliona Ferrari, wakaiga vidole. Hiyo ndiyo "sheria ya asili" tunayotambia wenzetu.

Na mwaka huohuo wa 1997 GoldenEye 007 ilikuwa inajaza sebule za watu kwenye Nintendo 64, wanne kwenye runinga moja, pedi mkononi. Mwaka 2000 gemu ya Alien Resurrection kwenye PlayStation ikaweka kijiti cha kushoto kutembea na cha kulia kutazama, na mhakiki wa GameSpot akaulalamikia mpangilio huo vibaya sana. Mwaka uliofuata ikaja Halo kwenye Xbox, mpangilio uleule, na leo hakuna anayeshika pedi akategemea kitu kingine. Kwa hiyo tusidanganyane. Vyombo vyote viwili vilikuwa vigeni, vyote vilichekwa au kupuuzwa, vyote vikazoeleka.

Haya, watu wa pedi msianze kupiga vigelegele. Zamu yenu.

Kwenye kulenga, kipanya ni bora. Ni bora kwa jinsi kilivyo, wala siyo suala la ujuzi. Kipanya kinapima mahali. Ukisogeza mkono sentimita tano, alama ya kulengea inakwenda pale ulipotaka, na mkono ukisimama nayo inasimama. Kijiti kinapima mwendo. Hakisemi "nenda pale", kinasema "geuka kwa kasi hii mpaka nikuambie uache". Kipanya ni kumwonyesha mtu nyumba kwa kidole. Kijiti ni kumwelekeza dereva wa bajaji kwa simu: kata kulia, endelea, endelea, simama, umepitiliza, rudi nyuma. Tena kazi yote hiyo inafanywa na dole gumba moja, wakati mwenye kipanya ana kiganja, kifundo na mkono mzima.

Kwenye kutembea mambo yanageuka. Kibodi ina vitufe vinne, ama umebonyeza ama hujabonyeza. Kijiti kinakupeleka upande wowote, polepole au mbio, utakavyo. Ndiyo maana kwenye mpira na magari hakuna anayekubishia kuhusu pedi. Lakini kwenye gemu za bunduki anayeona na kulenga kwanza ndiye anayebaki hai.

Sasa watengenezaji walilijua hilo mapema, wakatafuta dawa. Dawa yenyewe ni msaada wa kulenga. Alama yako ikipita juu ya adui, gemu inapunguza kasi ya kugeuka ili usipitilize. Katika gemu kadhaa, adui akikatiza mbele yako huku unatembea, mashine inakugeuza kidogo kumfuata. Na kwingine risasi iliyopita karibu kabisa inahesabiwa imepata. Nyumbani, wote mkiwa na pedi, hakuna tatizo. Wote mmebebwa sawa. Tatizo linaanza siku mwenye pedi na mwenye kipanya wanapowekwa uwanja mmoja.

Sikutaka kubishana kwa maneno. Jumamosi nikamwita dogo nyumbani, nikachomeka pedi yake kwenye kompyuta yangu. Call of Duty, uwanja mmoja, maadui wa mashine, dakika kumi kila mzunguko. Mzunguko wa kwanza yeye na pedi, msaada umewashwa: akaua 41. Mimi na kipanya: 38. Akanitazama, hakusema kitu, hakukuwa na haja. Nikamwambia sasa tuzime msaada. Akaua 19. Akaomba arudie, akapata 22. Akakaa kimya, akaiangalia pedi yake kama mtu aliyegundua fundi amemwekea spea ya kuazima. Halafu akanipa mimi pedi, msaada umezimwa. Nilipata 6. Kimya kikaisha hapo.

Huo siyo utafiti, ni Jumamosi ya watu wawili Mbagala. Lakini tazameni 41 na 19. Mle kati ndimo ugomvi wote ulipo. Sehemu ya zile 41 ni mkono wa dogo, tena mkono mzuri, na sehemu ni mkono wa mashine. Na yeye mwenyewe, bingwa wa banda, hakujua mpaka wapi ni wake! Hilo ndilo lililoniuma.

Msidhani ni mambo ya uswahilini tu. Ligi kubwa ya kulipwa ya Call of Duty ilianza mwaka 2020 kwenye PlayStation 4. Msimu wa 2021 ikahamia kwenye kompyuta. Kompyuta, jamani! Kipanya kingekaa pale mezani bila shida. Lakini kanuni zikabaki za pedi, na mabingwa wakakaa mbele ya kompyuta wameshika pedi. Kwenye Apex Legends, wenye kipanya walilalamika miaka na miaka kwamba kwenye mapigano ya karibu mwenye pedi hashikiki. Ni rahisi kuelewa kwa nini: binadamu akiona adui amebadili upande huchukua kama robo ya sekunde kuitikia, programu haina haja ya robo hiyo. Mwaka 2024 watengenezaji wakaupunguza msaada huo kwa robo nzima kwenye mechi za kompyuta. Kama malalamiko yalikuwa wivu mtupu, walipunguza nini?

Lakini ndugu zangu wa kipanya nanyi msijifanye watakatifu. Kuna vifaa, XIM ndicho maarufu, unavichomeka kwenye mashine ya gemu, unacheza kwa kipanya, na mashine inadhani umeshika pedi. Unapata ulengaji wa kipanya na msaada wa pedi juu yake. Huku unatukana wenye pedi kwamba wanabebwa, kule unaubeba msaada wao kwenye mfuko wa siri. Mwaka 2017 mkuu wa Overwatch, Jeff Kaplan, alijitokeza hadharani kuvipinga. Mwaka 2023 Ubisoft wakaingiza kwenye Rainbow Six Siege mfumo wa kuwanasa watu hao na kuwachelewesha mikono yao, wakauita Mousetrap, yaani mtego wa panya. Jina limekaa mahali pake.

Basi mwaka wa ngapi huu tunapigana na mkono wakati mgomvi wetu ni siri? Mimi sina ugomvi na kipanya wala pedi. Sina hata ugomvi na msaada wa kulenga. Nina ugomvi na msaada usiotajwa, na dharau inayotajwa kila siku.

Na suluhisho zipo. Riot walitoa Valorant kwa kompyuta mwaka 2020, na walipoileta kwenye PlayStation na Xbox mwaka 2024 hawakuchanganya makundi mawili. Kila mtu kwa kundi lake, hakuna wa kumwita mwenzake mwizi. PUBG Mobile inawatenga wanaoichezea kwenye kompyuta na hawa wetu wa vidole gumba juu ya kioo cha simu. Nintendo walipotoa Splatoon mwaka 2015 walikuja na njia ya tatu: unalenga kwa kuinamisha pedi yenyewe, mikono yako ndiyo inayolenga. Maana yake pedi inaweza kupewa uwezo zaidi badala ya kupewa mkongojo.

Turudi ukumbini kwenye kiyoyozi. Waandaaji, nawauliza kwa heshima. Ama gemu mliyochagua inawasaidia wenye pedi, ama haiwasaidii. Kama inawasaidia, andikeni kwenye fomu kwamba msaada utazimwa, au wekeni meza mbili na bingwa wawili. Kama haiwasaidii, basi mwenye pedi amekuja kuwapeni ushindi wa bure. Mnamfukuza mlangoni kwa kosa gani? Mkisema hamna meza za kutosha, nitawaelewa, hiyo ni sababu. "Wa kweli" siyo sababu. Ni kejeli iliyovalishwa suti ya kanuni.

Maana tuseme ukweli wa mji huu. Chombo unachoshika hukukichagua kwa falsafa. Banda letu la PS saa moja ni shilingi 1,000, na ukichangia na mwenzako ni mia tano. Kompyuta ya kuendesha gemu mpya ni mishahara yangu kadhaa, na mimi ninao mshahara. Mimi nilikutana na kipanya kwa sababu nilifika chuo, na mwenzangu wa chumbani alikuwa na laptopu. Dogo alikutana na pedi kwa sababu banda liko nyuma ya nyumba yao. Ukichukua tofauti hiyo ya kuzaliwa na ya mfuko ukaiita tofauti ya "wa kweli" na "wa uongo", hujazungumzia gemu tena. Umezungumzia nani anaruhusiwa kuingia kwenye kiyoyozi.

Wapo watakaosema, "Bwana mwandishi, ni gemu tu hizo." Mwaka 2019 kijana wa miaka 16, Kyle Giersdorf, alishinda dola milioni 3 kwenye Kombe la Dunia la Fortnite kule New York. Kwa hiyo "tu" hiyo muiangalie vizuri. Na hata pasipo na dola, mtu aliyepanda daladala mbili kwenda kujipima na wenzake anastahili kuambiwa sheria iliyonyooka kabla ya kulipa nauli.

Nimeomba gazetini yale maneno yasahihishwe. Nimejibiwa kwamba hakuna nafasi, na kwamba hakuna aliyelalamika. Aliyelalamika yupo, ila hakuandika barua kwa mhariri. Aliniuliza kwa muuza chipsi. Kwa hiyo nasahihisha hapa: niliandika "wachezaji wa kweli", nilipaswa kuandika "wachezaji wenye kibodi na kipanya". Kosa ni langu.

Dogo naye amebadilika kidogo. Siku hizi anakuja Jumamosi, anazima msaada mwenyewe bila kuambiwa. Wiki iliyopita alifika 29. Mimi na pedi nimefika 9, na nimeanza kuelewa kwa nini dole gumba lake lina sugu.

Wenye hoja karibuni. Wenye matusi pia karibuni, ila mniambie kwanza mmeshika nini.