Mieleka: Mkuu Amesema Lipi?

Methali isemayo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu tumeirithishana vizazi kwa vizazi, wala sidhani yupo mwanafunzi wa Kenya asiyeijua. Hata hivyo, aghalabu huitumia baada ya guu kuvunjika, tena kwa kumsuta aliyevunjika. Swali tusilojiuliza ni hili: huyo mkuu alisema lipi, na alilisema lini?

Swali hilo lilinijia jioni moja huko Mtongwe, Likoni. Vijana wapatao kumi walikuwa wakishindana mieleka mchangani, wakiwaiga mabingwa wa runinga. Mmoja wao alinyanyuliwa hadi mabegani, akabwagwa, akatangulia kichwa. Wenzake wakaangua kicheko. Alipoinuka alipepesuka kama mlevi, nao wakamwambia ajikaze kiume. Mzee mmoja, kwa nia njema kabisa, akamketisha na kuanza kumchua shingo.

"Mzee wangu, tafadhali usiiguse shingo hiyo," nilimsihi.

"Ameteguka tu, mwanangu," akanijibu.

Kijana yule Mungu alimnusuru. Lakini neno "tu" halijanitoka akilini hadi leo. Kiswahili hakina uhaba wa vitenzi vya maumivu: mtu huchubuka, huteguka, hupopotoka, huvunjika. Vyote hivyo vyaeleza jambo linaloonekana kwa jicho au kupapaswa kwa mkono. Lakini ubongo ukitikisika ndani ya fuvu pasi na ngozi kuchanika, twasema mtu "ameona nyota", kisha twacheka. Wataalamu huita hali hiyo mtikisiko wa ubongo. Mitaani haina jina, na kwa hivyo haina hadhari.

Wakenya hatuna udhuru wa kutolifahamu jambo hili. Robert Wangila, aliyetuletea dhahabu ya ndondi kutoka Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, alipigana pambano lake la mwisho mjini Las Vegas mnamo Julai 1994. Refa alilisimamisha katika raundi ya tisa. Baadaye, katika chumba cha kubadilishia mavazi, Wangila alipoteza fahamu, asizinduke tena. Ndondi si mieleka, lakini fuvu ni lile lile, na jeraha la kichwa laweza kumwacha mtu akiwa wima kwa muda kabla ya kumwangusha.

Ifahamike kwamba siulaumu mchezo wenyewe. Mieleka ni miongoni mwa michezo mikongwe zaidi duniani, nayo hufunza nidhamu na ustahimilivu. Katika mashindano halali, washindani hukutana juu ya mkeka mnene wenye duara la mita 9. Ni marufuku kukaba koo, kupinda vidole au kuvuta nywele. Na daktari ana mamlaka ya kulikatiza pambano. Hata kwa kanuni hizo, magoti, mabega, shingo na masikio huumia. Mwaka 1997, wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walifariki dunia katika muda wa wiki chache, walipokuwa wakijinyima maji na kujitoa jasho ili wapunguze uzani. Baada ya msiba huo sheria zilibadilishwa. Ikiwa wenye mikeka, madaktari na kanuni walipatwa na hayo, itakuwaje kwa wasio na chochote ila mchanga? Na ile mieleka ya runinga wanayoiiga ni maonyesho yaliyopangwa na watu waliofunzwa namna ya kuanguka.

Isitoshe, tukumbuke jiografia yetu. Hospitali kuu ya rufaa ya Pwani iko kisiwani. Majeruhi wa Likoni anayepelekwa huko huvuka kivuko kwa feri. Wa Kisauni hupitia daraja la Nyali. Wa Changamwe hupitia Makupa. Hata zahanati iwe karibu namna gani, dakika za mwanzo zimo mikononi mwa mwalimu na wanafunzi wenziwe.

Basi mkuu na aseme sasa, kabla ya guu kuvunjika. Aliyeangukia kichwa asirudi mchezoni siku hiyo, hata akidai hajambo. Akitapika, akisinzia au akichanganyikiwa, apelekwe hospitali mara moja. Anayelalamikia shingo, au aliyekufa ganzi mikono au miguu, asiinuliwe wala asichuliwe. Alazwe pale pale, kichwa kikiwa kimetulizwa, hadi msaada ufike. Sikio lililofura damu lionwe na tabibu mapema, kabla halijawa gumu na kuharibika umbo. Na asiwepo wa kushinda njaa na kiu kwa ajili ya mizani.

Mambo hayo hayahitaji bajeti. Yanatosha kufundishwa katika kipindi kimoja cha mazoezi ya viungo. Tukishayasema, tutakuwa na haki ya kuitaja methali yetu. Kabla ya hapo, guu likivunjika, lawama si ya mtoto peke yake.